Binti yangu ameacha maabara, anataka kusomea falsafa ya sayansi. Nimkataze?

*“Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Binti yangu alimaliza shahada ya sayansi ya viumbe mwaka jana, akapata nafasi ya kujitolea maabara. Ameiacha. Anasema anataka kusomea falsafa ya sayansi, na kutwa nzima anamtaja Karl Popper. Nilimuuliza huyo Popper alikuwa anakula nini, hakunijibu ya maana. Anasema Popper alifundisha kwamba sayansi haiwezi kuthibitisha kitu chochote. Sasa ada yote niliyolipa ilikuwa ya nini? Na chanjo na dawa tunazopewa ni za kubahatisha? Sisi ni watu wa kanisa, naogopa ataipoteza imani. Usiku halali, anasoma kwenye simu mpaka alfajiri. Nimkataze?”*

Shikamoo mama. Nafundisha falsafa ya sayansi chuoni, na swali lako limenigusa kwa sababu hujamdharau mwanao, umetaka kuelewa. Nikilipanga vizuri, una hofu nne: atakula nini, kama elimu uliyomlipia imepotea, imani yake, na hilo la kutolala. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba usimkataze, ila usimwache aingie huko mikono mitupu. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na swali ulilomuuliza yeye akashindwa kulijibu, maana ni swali zuri.

Karl Popper, mwanafalsafa wa sayansi, alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 28 Julai 1902. Baba yake alikuwa wakili, nyumbani kulijaa vitabu, na mtoto hakukulia kwenye dhiki. Dhiki ilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mfumuko wa bei ulipokula akiba yote ya familia. Kijana aliacha shule ana miaka 16, akawa anaingia Chuo Kikuu cha Vienna kama msikilizaji tu. Akajifunza kwa fundi kutengeneza samani, kabati na meza, mpaka akahitimu ufundi huo. Akafanya kazi na watoto waliotelekezwa. Akasomea ualimu. Udaktari wa falsafa aliupata 1928, na hakuna chuo kilichomwita. Mwaka 1930 alianza kufundisha hisabati na fizikia shuleni, na mwaka huohuo akamwoa mwalimu mwenzake, Josefine Henninger, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyempigia chapa miswada yake. Kitabu kilichompa jina alikiandika baada ya saa za kazi, kikatoka mwishoni mwa 1934.

Basi umepata jibu, mama: alikula mshahara wa mwalimu wa shule.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliobatizwa wakawa Walutheri kabla yeye hajazaliwa, na kwa wafuasi wa Hitler ubatizo haukubadilisha kitu. Mwaka 1937 yeye na mkewe walihamia New Zealand, akawa mhadhiri mjini Christchurch. Mwaka uliofuata Ujerumani iliimeza Austria, na jamaa zake wengi waliobaki Ulaya waliuawa. Chuo cha London School of Economics kilimpokea mwanzoni mwa 1946, naye ana miaka 43. Uprofesa ulikuja 1949. Kile kitabu cha 1934 kilitafsiriwa kwa Kiingereza 1959, na 1965 Malkia wa Uingereza alimpa heshima ya “Sir”. Alifariki Septemba 1994 ana miaka 92.

Hesabu hiyo mwonyeshe binti yako. Kati ya udaktari wa 1928 na kazi ya London ya 1946 ni miaka 18, na kadhaa kati ya hiyo aliishi kwa kufundisha watoto hesabu. Vijana wengi wanaompenda Popper wanamwona yule wa mwisho, mzee mwenye “Sir” mbele ya jina. Huyu wa katikati, aliyesahihisha madaftari mchana na kuandika usiku, wanampita haraka mno, na mimi ndiye ninayemheshimu zaidi. Halafu alikuwa mtu mgumu. Alifundisha ulimwengu kwamba mawazo yanakua kwa kukosolewa, lakini waliofanya naye kazi wameeleza kwamba kumkosoa yeye mwenyewe hakukuwa rahisi.

Sasa hilo la “sayansi haiwezi kuthibitisha kitu”. Binti yako amelisema nusu, na nusu ndiyo inayotisha.

Mwaka 1919 Popper alikuwa kijana wa miaka 17, akijitolea kwa Alfred Adler, daktari wa mambo ya nafsi aliyekuwa na kliniki za watoto Vienna. Siku moja alimpelekea Adler kisa cha mtoto ambacho yeye hakuona kinavyoingia kwenye nadharia ya mzee huyo. Adler akakieleza papo hapo bila hata kumwona mtoto. Popper akamuuliza ana uhakika gani. Adler akajibu kwamba ameshakutana na visa kama hivyo mara elfu. Kijana akamwambia kwamba, basi, na hiki kitahesabiwa kuwa cha elfu moja na moja. Alichokiona hapo ni nadharia ambayo haiwezi kushindwa. Mtoto akifanya hivi imeshinda, akifanya kinyume chake imeshinda vilevile.

Mwaka huohuo, tarehe 29 Mei, jua lilipatwa, na Waingereza walikuwa wametuma watu kwenye kisiwa cha Principe, pwani ya Afrika Magharibi, na wengine Sobral, Brazil, kupima kama mwanga wa nyota unapinda ukipita karibu na jua kwa kiasi alichotabiri Einstein. Kipimo kingekuja tofauti, Einstein angekuwa matatani mbele ya dunia nzima. Hapo ndipo Popper alipoona mpaka: nadharia ya kisayansi ni ile inayosema mapema kitu gani kikitokea itakuwa imekosea.

Wewe unayafahamu haya kwa mikono yako. Ukinunua gunia la dagaa, hushiki wa juu tu ukaridhika. Wa juu wamekauka, ndivyo mwenye gunia alivyotaka uwaone. Unazamisha mkono katikati, chini, pale unyevu unapojificha, unawavunja wachache usikie kama wanakatika au wanapinda. Huwezi kumkagua kila dagaa, kwa hiyo huna uthibitisho kamili kwamba gunia zima ni kavu. Lakini gunia lililopita mkono huo si sawa na gunia ambalo hakuna aliyeligusa. Popper anadai sayansi inunue hivyo. Kanuni inayosema “kila mahali, siku zote” haiwezi kuthibitishwa kwa mifano, hata ikiwa maelfu, kwa sababu mfano unaofuata haujauona bado. Lakini mfano mmoja wa kinyume unaweza kuiangusha. Ndiyo maana mtafiti mzuri hutafuta pale wazo lake linapoweza kuvunjika, na linalobaki limesimama baada ya majaribio makali tunalitumia.

Kwa hiyo chanjo si kubahatisha. Kubahatisha ni kumeza kitu ambacho hakuna aliyejaribu kukishinda. Chanjo hupitishwa kwenye majaribio ambamo watu wanagawanywa kwa kura, hawa wapewe, wale wasipewe, ili kama haifanyi kazi ijulikane. Kusema “haijathibitishwa milele” si kusema “haijulikani”. Mtu akimtumia Popper kukwambia usimpeleke mtoto kliniki, hakumsoma.

Binti yako akifika chuo atakutana pia na Paul Feyerabend, Mwaustria mwenzake Popper aliyesoma kwake London kisha akampinga vikali, akidai hakuna njia moja ya kufanya sayansi. Nashuku baadhi ya maneno anayoyaleta nyumbani ni ya huyo. Amsome, ila asiwachanganye.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa binti yako alijue zaidi ya wasifu wa Popper, kwa sababu lilitokea hapahapa kwetu, na linaonyesha Popper alipatia wapi na aliacha shimo wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) hapa Mwanza, shirika la afya la AMREF na wenzao wa London waliuliza swali moja: zahanati na vituo vya afya vijijini vikitibu vizuri magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Walichukua maeneo 12 ya mkoa, wakayapanga mawili mawili yanayofanana, wakapiga kura. Maeneo 6 yakapata wahudumu waliofundishwa na dawa za uhakika, na 6 mengine yakaendelea na huduma ya kawaida hadi utafiti uishe. Walifuatilia watu wazima wapatao 1,000 kila eneo kwa miaka 2. Matokeo yalichapishwa 1995. Kwenye maeneo ya kawaida, walioambukizwa walikuwa asilimia 1.9, kwenye maeneo yenye huduma bora, asilimia 1.2. Karibu maambukizi 4 katika kila 10 yalikuwa yamezuiwa. Habari ya Mwanza ikaenda dunia nzima.

Mwaka 1999 yakaja matokeo ya Rakai, Uganda, magharibi mwa Ziwa Victoria hilihili. Kule, kwenye nusu ya maeneo ya utafiti, waliwafuata watu majumbani, wakawapa wote dawa za kutibu magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi 10. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Waliopewa na wasiopewa walikwenda sawa.

Msomaji wa Popper aliyesoma kurasa chache atasema mfano wa kinyume umepatikana, wazo la Mwanza limeanguka. Lakini limeanguka lipi hasa? Mwanza walitibu mwenye dalili siku anapokuja, mwaka mzima. Rakai walitibu wote kwa pamoja kisha miezi ikapita. Mwanza, VVU ilikuwa kwa takriban watu wazima 4 katika 100; Rakai ilikuwa kwa watu kama 16, na janga likishazeeka maambukizi mengi hupita hata pasipo ugonjwa mwingine wa zinaa. Tena Rakai vidonda vingi vya sehemu za siri vilitokana na virusi vya hapesi, ambavyo dawa za bakteria hazivigusi. Wazo halipelekwi kwenye kipimo likiwa peke yake. Linakwenda na mzigo wa mawazo mengine, na kipimo kikikataa, hakikwambii ni lipi kwenye mzigo lililooza. Mfaransa Pierre Duhem aliliandika hili mwaka 1906, Popper akiwa mtoto wa miaka 4.

Je, basi, kila mtu anaweza kuokoa wazo lake kwa visingizio? Swali hilo lilimsumbua Imre Lakatos, Mhungaria aliyekaa jela chini ya serikali ya kikomunisti ya nchi yake, akakimbia 1956, na baadaye akafundisha London pamoja na Popper. Alisema tuangalie uokoaji wenyewe. Kama maelezo mapya yanaziba tundu tu, wazo linaoza. Kama yanatoa utabiri mpya unaoweza kupimwa, wazo linaishi.

Na hapo Kanda ya Ziwa ikarudi tena. Kama tatizo ni hapesi, basi dawa ya hapesi ipunguze VVU. Likafanyika jaribio, kwetu huku kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, migahawa na nyumba za wageni. Nusu walipewa dawa ya kuituliza hapesi, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa 2008: hakuna tofauti kwa VVU. Utabiri ulitolewa wazi, ukapimwa, ukakataliwa, na waliokuwa na matumaini nao ndio walioutangazia ulimwengu. Nikiulizwa ushupavu wa sayansi uko wapi, nitauonyesha hapo. (Magonjwa ya zinaa bado lazima yatibiwe, kwa madhara yake yenyewe, kwa mgonjwa na kwa mtoto aliye tumboni. Utafiti haukusema vingine.)

Sasa unaiona kazi ya mwanafalsafa wa sayansi, mama. Hashindani na maabara. Anakaa kwenye maswali ambayo darubini haiyajibu: majaribio mawili mazuri yakigongana tufanye nini, kijiji kimoja kinaweza kusemea vijiji vingine kwa kiasi gani, nani aamue kwamba ushahidi umetosha kubadili dawa ya nchi. Anayeweza kuyachambua haya lazima aelewe bakteria na virusi ni nini. Kwa hiyo ada yako haikupotea. Ile shahada ya sayansi ya viumbe ndiyo inayomtofautisha na mtu wa maneno matupu. Thomas Kuhn, aliyemtikisa Popper kwa kitabu chake cha 1962, alikuwa na udaktari wa fizikia wa Harvard. Duhem alikuwa mwanafizikia. Na ng'ambo ya ziwa letu, Nyanza, alizaliwa Henry Odera Oruka, aliyekwenda Uppsala, Uswidi, kwa ajili ya sayansi, akarudi mwanafalsafa na kuijenga idara ya falsafa Nairobi.

Nisikufiche upande wa pili. Tanzania hutaona tangazo la kazi lililoandikwa “anatafutwa mwanafalsafa wa sayansi”. Nafasi za uhadhiri ni chache na zinachukua miaka. Zipo kazi ambazo elimu hii inamfaa mtu, kama kamati za maadili ya utafiti wa afya, sera za sayansi, uandishi wa habari za sayansi na uhariri wa ripoti za utafiti, lakini mara nyingi mwajiri anamtaka mtu mwenye sayansi kwanza, falsafa iwe nyongeza. Akiondoka sasa hivi kwenda shahada ya uzamili ya falsafa peke yake, kwa ada ya kutoka mfukoni mwako, mimi ningesita. Ningependa zaidi achukue stashahada ya uzamili ya ualimu, afundishe biolojia, na aanze kusoma falsafa kwa utaratibu pembeni. Au afanye uzamili wa sayansi au afya ya jamii, na tasnifu yake ibebe swali la kifalsafa kama hili la Mwanza na Rakai. Akipata ufadhili kamili wa kusoma falsafa moja kwa moja, aende, na umbariki. Deni kwa ajili ya shahada hii sikushauri, wala kuuza kiwanja.

Kuhusu maabara aliyoiacha: muulize aliacha kwa sababu ya falsafa au kwa sababu kuna kilichomkera pale. Kujitolea bila posho kunachosha, na kijana aliyekata tamaa hupenda kusema amepata wito mwingine. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, lakini ushauri wake ni tofauti.

Imani, mama, sioni sababu ya hofu kubwa. Huyo Duhem alikuwa Mkatoliki aliyeshika dini yake waziwazi, katika Ufaransa ambako wasomi wengi hawakuipenda dini. Ernan McMullin, miongoni mwa wanafalsafa wa sayansi wanaoheshimika wa karne ya 20, alikuwa padri kutoka Ireland. Na Popper mwenyewe hakusema kwamba lisilopimika ni upuuzi. Hayo yalikuwa mawazo ya wasomi wengine wa Vienna aliobishana nao. Mpaka wake unatenga sayansi na yasiyo sayansi, hautengi kweli na uongo. Atauliza maswali kanisani, ndiyo. Akipata mchungaji asiyeogopa maswali itamsaidia kuliko kuzuiwa vitabu.

Lililobaki ni usingizi, na hili usiliache lipite. Kusoma mpaka alfajiri siku chache kwa sababu kitabu kimenoga ni ujana. Lakini kama wiki zinapita halali, chakula hagusi, ameacha rafiki zake, anaongea haraka kuliko kawaida au amekuwa kimya kabisa, au anasema maisha hayana maana, hilo si suala la Popper. Mpeleke hospitali, Sekou Toure au Bugando, aonwe na mtu wa afya ya akili. Akitamka neno la kujidhuru, usisubiri asubuhi.

Kwa upande wa masomo, mwende wote wawili Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Malimbe, muombe kuonana na mhadhiri wa falsafa, halafu aongee pia na mwalimu aliyemsimamia shahada yake ya kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara ya falsafa na taaluma za dini, anaweza kuwaandikia. Wewe uwepo kwenye mazungumzo na uulize lile swali lako la chakula bila aibu. Amwonyeshe mhadhiri kurasa mbili tatu alizoandika mwenyewe kuhusu Mwanza na Rakai, si orodha ya vitabu alivyosoma, maana hapo ndipo atakapojulikana kama ana mkono wa kazi hii. Akipata nafasi nje ya nchi, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama chuo hicho kinatambuliwa kabla hamjatuma hata shilingi moja, na wakala anayedai malipo ya “kumshikia nafasi” mkimbieni.